Filimbi Isiyopasuliwa

Jioni ya kumaliza matanga, nyumbani kwa marehemu Ndikuriyo pale Nyakahura, tulikuwepo watu watano. Ninawataja kwa majina kwa sababu baadaye kila mmoja alisimulia alivyopenda, na wengine wamemtaja hata mtu ambaye hakuwepo.

Alikuwepo Eustakia, mjane wa marehemu, amekaa mkekani mlangoni pake.

Alikuwepo Renatus, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Lusahunga, aliyekuja na pikipiki.

Alikuwepo binti yangu Jovitha, akisugua masufuria ya jumuiya kwa majivu.

Alikuwepo mwanawe, yaani mjukuu wangu Emilian, mpiga filimbi, ambaye marehemu alimfundisha tangu akiwa darasa la tatu.

Na nilikuwepo mimi, Felisiani, mwalimu mstaafu. Nilikuwa nimekuja kuhesabu viti vya jumuiya nivirudishe kigangoni kabla giza halijaingia. Hilo tu ndilo lililonileta.

Asiyekuwepo alikuwa Marsiana. Naye ndiye tuliyemhitaji.

Jina la marehemu ni Ndikuriyo, mwana wa Minani. Mimi na yeye tulichunga pamoja upande wa Ngara kabla sijapelekwa shule ya misheni. Shuleni, wakati wa Mwingereza, nilipewa filimbi ya bati yenye matundu sita, nikafundishwa nyimbo za gwaride. Ndikuriyo alibaki na ng'ombe na umwironge. Umwironge ndiyo filimbi ya wachungaji wa kwetu. Ni bua refu kama mkono wa mtu mzima, limetobolewa kwa waya wa moto. Matundu yako chini, na juu pana pengo dogo la kuwekea mdomo. Hupakwa siagi ya ng'ombe lisipasuke, na kabla ya kupigwa hutiwa maziwa kidogo ndani, yakazungushwa na kumwagwa.

Filimbi yangu ya bati ilishika kutu nikaiacha. Yake ilimtembeza. Alipiga harusini, mikutanoni, mbele ya wageni wa wilaya. Safari moja walikuja watu wenye kinasa sauti wakamrekodi, na wiki chache baadaye tukamsikia redioni. Mtangazaji alisema, "Mpiga filimbi kutoka Biharamulo." Jina hakulitaja. Ndikuriyo alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akaenda kukamua. Maisha yake yote ya filimbi yalikuwa hivyo. Wilaya mbili ziliijua sauti yake, na watu wa kulijua jina lake walienea kwenye benchi moja.

Alikufa jioni, akiwaita ng'ombe. Alikuwa katikati ya wimbo.

Sasa, desturi ni hii. Mpiga umwironge akifa, filimbi yake haizikwi wala hairithiwi. Hutundikwa juu ya mlango. Siku ya kumaliza matanga, ng'ombe wanapoingia zizini, mpwa wake, mtoto wa dada yake, huishusha na kuipasua kwa urefu, kuanzia mdomoni hadi chini. Vipande hutiwa kwenye moto wa zizini. Mpwa husema maneno mawili tu, "Pumzika, mjomba." Basi. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza baba yangu sababu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka.

"Mtu hupuliza humo maisha yake yote," alisema. "Unafikiri inakwenda wapi?"

Ndikuriyo alikuwa na mpwa mmoja, Marsiana, anayebadilisha fedha kule Kabanga mpakani. Tangu asubuhi alikuwa anasema yuko njiani. Mchana akasema gari limeharibika. Jua lilipokaribia mlima, Jovitha alimpigia tena, naye akasema yuko Ngara mjini na gari halijajaa.

"Hatafika," alisema Renatus. Hakuonekana kusikitika. Alikuwa ameishusha filimbi mlangoni, anaigeuzageuza. "Na mimi nauliza tu, nisamehewe. Kwa nini tuipasue?"

"Kwa sababu ndivyo inavyofanyika," nikasema.

"Mwalimu, shikamoo yako naiheshimu. Ila tamasha la mkoa ni mwezi ujao. Bua kama hili halioti tena hapa, vilima vyote ni mihogo na mikaratusi. Vijana wanatoboa mabomba ya maji, yanalia kama paka. Serikali inatafuta utamaduni, wewe unatafuta kuni?"

"Irudishe juu ya mlango. Tumsubiri Marsiana hata wiki."

"Matanga hayamalizwi mara mbili," alisema Eustakia pale mkekani. "Ninalisha watu tangu mazishi. Fanyeni lolote, mwende."

Ndipo Renatus akamgeukia Emilian. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. "Kijana, ile yako ya zamani unayo?"

Emilian alikuwa nayo, ameichomeka kiunoni, kama siku zote. Aliikata mwenyewe akiwa mvulana, na marehemu ndiye aliyemsaidia kuitoboa. Alikuwa ameipiga miaka yote hiyo, mpaka pengo la mdomo limelika.

"Tupasue hii," alisema Renatus. "Bua ni bua. Desturi imefanyika, mama mjane anapumzika, na ya mzee inabaki kazini. Marehemu hawezi kudai risiti."

Jovitha alicheka kidogo, kisha akaendelea kusugua.

Nilisema hapana, kwa maneno yaliyo wazi. Nilisema filimbi ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai, amesimama pale. Renatus akasema, "Mwalimu, wewe uliyesoma na mapadre, leo unaogopa bua?" Nilimtazama Emilian ili aseme neno. Lakini macho ya Emilian yalikuwa kwenye filimbi ya Ndikuriyo. Alikuwa ameitamani tangu utotoni. Mkono wake ulikuwa tayari umenyooka.

Wakabadilishana.

Renatus alisimamisha filimbi ya Emilian juu ya gogo la zizini, akaweka panga kwenye pengo la mdomo, akagonga mara moja.

Bua kavu likipasuka hulia kama kijiti. Hili halikulia hivyo. Lilitoa sauti ya mtu anayetua mzigo...

Hhhh.

"Pumzika, mjomba," alisema Renatus, akatupa vipande motoni. Hakuwa mpwa wa mtu yeyote pale.

Emilian alikohoa. Alikohoa mara moja, akakaa chini kwenye kiti cha jumuiya, akasema moshi umemwingia. Upepo ulikuwa unaupeleka moshi upande mwingine. Niliona.

Tulirudisha viti.

Katika wiki zilizofuata, mjukuu wangu alipiga filimbi kama alivyopiga marehemu, kisha akampita. Sijui niseme namna gani nyingine. Kwenye tamasha la mkoa walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Renatus alirekodi nyimbo akazisambaza kwenye simu, na madereva wa malori waliolala Lusahunga walikuwa wakizipiga kwa spika. Emilian aliitwa Biharamulo mjini, akaitwa Mwanza, na kila mahali jina lake lilitajwa sawasawa. Kwa upande huo sikuwa na la kulalamikia.

Lakini Jovitha alikuja kwangu asubuhi moja akiwa amejifunga kanga kichwani kama mwenye msiba.

"Baba, Emilian hapumui vizuri."

"Ana kifua?"

"Hana kifua. Anapanda kutoka kisimani anasimama mara nne. Midomo inakuwa ya bluu. Akipiga ile filimbi anapona."

Tulimpeleka hospitali. Walimpima, wakampiga picha, wakasema mapafu ni safi. Safi kabisa. Daktari alikuwa mtu mpole. Alimshauri apunguze kazi ya kupuliza. Emilian aliipunguza kwa siku moja, na jioni yake tulimkuta ameshika mwimo wa mlango, macho yamemtoka, anavuta hewa ambayo haiingii. Jovitha akampa filimbi. Akapuliza. Rangi ikamrudi usoni.

Nilimwendea Renatus Lusahunga. Nilimkuta kwenye duka lake la vocha, anakula mahindi.

"Mlipasua ya mtu aliye hai," nikamwambia, "mkamwambia pumzika."

Aliacha kutafuna. Nadhani lilimfikia, kwa kitambo kidogo. Kisha akafuta mdomo.

"Mwalimu, kijana amechoka tu. Ratiba imebana. Nitampunguzia maonyesho."

Nilimwendea Eustakia. Alisema mambo ya filimbi yalikuwa ya mume wake, yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na bua. Nilimpigia Marsiana mara nyingi kuliko ninavyompigia mwanangu yeyote. Ama simu haikupatikana, ama ilipokelewa na kelele za stendi. "Nitakuja, mwalimu. Nitakuja tu." Nimefundisha miaka thelathini na sita. Nimezoea kusema jambo mara ya pili na ya tatu. Lakini sijapata kuona watu wazima wanaokubali kwa kichwa hivyo, kisha wanaondoka na kuendelea na shughuli zao.

Ikafika jioni ya maziwa.

Jovitha alikuwa kwenye kikao cha jumuiya. Alinituma nimpelekee Emilian chupa ya maziwa, kwani anakaa peke yake kwenye nyumba ndogo karibu na zizi la marehemu. Jua lilikuwa limeshazama lakini mwanga ulikuwepo. Nilitembea taratibu, fimbo mkono mmoja, chupa mkono mwingine.

Nilisikia filimbi nikiwa bado kwenye migomba.

Ulikuwa wimbo wa kuwaita ng'ombe. Nilitambua hata mahali pale ambapo Ndikuriyo alikuwa akivuta sauti na kuitetemesha kooni. Nikasimama. Kisha wimbo ulifika katikati, ukakatika. Ukaanza upya. Ukafika palepale. Ukakatika.

Ng'ombe walikuwa nje ya uzio. Hawakuwa wa Emilian, yeye hana ng'ombe. Walikuwa wale wa marehemu, ambao Eustakia alikuwa amemwuzia mtu wa barabarani. Walikuwa wamerudi wenyewe. Walisimama wote wameelekeza nyuso kwenye ile nyumba ndogo. Hawakula, hawakupunga mikia.

"Emilian," niliita.

Wimbo ukaendelea.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilinipokea kabla ya kitu kingine. Moshi wa samadi, siagi iliyochacha, tumbaku ya kiko. Emilian havuti tumbaku. Ndikuriyo alivuta.

Mjukuu wangu alikuwa amelala chali kitandani, mikono kifuani.

Mikono ilikuwa mitupu.

Filimbi ilikuwa juu ya kigoda, mbali na kitanda. Na wimbo ulikuwa unatoka mle chumbani... taratibu... kwa sauti ya chini, kama mtu anayejizuia asiamshe watoto.

Niliweka chupa chini. Sikukimbia, kwa sababu miguu yangu haikimbii tena. Nilimwinamia Emilian, nikaweka kiganja mbele ya pua yake, kama tulivyofundishwa kufanya kwa mtu aliyezimia.

Hapakuwa na kitu.

Nikasubiri.

Hapakuwa na kitu kabisa. Kifua kilikuwa kimetulia kama meza.

Nikageuka kwenye kigoda. Nilipeleka kiganja kilekile kwenye pengo la ile filimbi.

Palikuwa na joto. Hewa ilitoka, ikarudi ndani. Ikatoka, ikarudi. Ilikuwa na unyevu.

Ilikuwa ni pumzi ya mtu aliyelala.

"Babu, usiiguse," alisema Emilian nyuma yangu.

Wimbo ulikoma. Alikuwa amefumbua macho, lakini hakuinuka. Alinyoosha mkono. Nilimpa filimbi nikiwa nimeishika kwa ncha za vidole, akaiweka mdomoni, akapuliza sauti moja ndefu. Ndipo nikaona kifua chake kikipanda.

"Shikamoo, babu," akasema.

"Marahaba." Nilikaa kwenye kigoda. "Tangu lini?"

"Tangu ile jioni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba iliyopasuliwa ni ya kwangu?" Alitabasamu kidogo. "Mwanzoni nilifikiri ni ufundi. Nilikuwa nikimaliza wimbo, sauti inabaki kidogo. Watu wanapiga makofi. Baadaye ikawa inabaki zaidi. Sasa nikilala inaendelea yenyewe."

"Ni yeye?"

Alifikiri. "Kuna mtu mwingine humo. Nikipuliza nasikia ananipisha, kama mtu anayesogea kwenye benchi. Tumebanana."

"Na kwa nini wimbo hauishi?"

"Siujui mwisho wake, babu. Hakunifundisha. Alikuwa akisema nitaujua nikikua."

Niliondoka kukiwa bado na mwanga. Ng'ombe walinipisha.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipochoka. Mimi ndiye niliyekuwa nikitaka filimbi ipasuliwe. Nilitaka toka mwanzo, wakakataa wote. Na sasa ilikuwa imejaa pumzi ya mjukuu wangu. Ikipasuliwa, anakwenda nayo. Isipopasuliwa, anakaa hivyo, nusu huku nusu kule, mpaka bua lichoke, na bua huchoka. Nilikuwa nimeanza kuona ufa mdogo karibu na tundu la chini. Jovitha alikuwa akiupaka siagi asubuhi na jioni.

Marsiana alikuja Jumatatu.

Sikumwita. Nilikuwa nimeacha kumpigia. Nilitoka uani nikamkuta ameketi kwenye ngazi yangu, amekonda, mkoba wa kubadilishia fedha bado umemning'inia tumboni. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa, mama."

"Nimechelewa. Najua." Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Mwalimu, mjomba yuko Kabanga."

Nilimwambia arudie.

"Kila jioni, nikifunga kibanda. Nikifika nyumbani nikaweka komeo, anaanza kupiga huko nje. Hapigi wimbo mzima. Anaanzia katikati. Anapiga nusu ya mwisho, anamaliza, anaanza tena katikati. Nikifungua hakuna mtu. Kuna harufu ya tumbaku tu. Jirani yangu Nice anaisikia. Wapangaji wengine wamehama."

"Saa ngapi anaanza?"

"Jua likishazama. Mwanga ukiwepo bado."

Sikumwambia kwamba saa hiyohiyo, Nyakahura, nusu ya kwanza ilikuwa ikipigwa na filimbi isiyoshikwa na mtu. Nilimweleza tu mambo ya Emilian. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, na kwa majina. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo wamemfungia mjomba nje."

"Emilian anasema wamo wote wawili."

"Basi sehemu yake moja imo na nyingine haina pa kwenda. Anadai kwangu. Mimi ndiye mpwa." Alianza kulia bila sauti. "Nilikuwa na wateja siku ile, mwalimu. Gari halikuharibika."

"Hayo yamepita."

"Nipe filimbi niipasue."

"Ukiipasua, Emilian anakufa."

"Unajua hivyo, au unaogopa hivyo?"

Nilisema, "Siwezi kujaribu kwa mtoto wa binti yangu."

"Na mimi je? Sijalala tangu kwaresima. Jana niliona mkono ukipita chini ya mlango." Alifuta uso kwa pindo la kitenge. "Mwalimu, ninyi mlikuwepo. Mlikuwepo wote. Mimi sikuwepo, na ni mimi anayenifuata."

Nilimwomba asubiri. Nilisema nitakwenda Ngara kwa wazee waliobaki, labda yuko anayejua namna ya kumtoa mtu mmoja na kumwacha mwingine. Nilimwambia wiki moja. Mimi niliyewasihi watu wapasue, nilikaa kwenye ngazi yangu nikimsihi mwenye haki asipasue. Akakubali kwa kichwa. Nilipaswa kukumbuka maana ya kukubali kwa kichwa.

Jovitha alimlaza kwake. Walikula pamoja, na Emilian alikuja akampigia kidogo, nusu aliyoijua. Jovitha ananiambia Marsiana alijibana kona ya ukuta, na Emilian alipokatiza, Marsiana aliendelea kwa mluzi, taratibu, mpaka mwisho. Ndipo Emilian alipousikia mwisho wa wimbo kwa mara ya kwanza. Alisema, "Kumbe ni mfupi hivyo." Wakacheka wote. Jovitha aliona ni dalili njema.

Asubuhi Marsiana hakuwepo. Filimbi haikuwepo.

Emilian alikuwa kitandani, anavuta hewa kwa vipande. Jovitha alikuwa amemwekea mdomoni filimbi ya bomba, ikalia kama paka, haikusaidia. "Nenda, baba," aliniambia. "Mimi siwezi kumwacha."

Nilimpigia Marsiana. Namba haikupatikana. Nilimpigia Renatus nikamwomba anichukue kwa pikipiki. Alisema yuko njiani anakuja. Nilisubiri barabarani mpaka nilipoelewa kwamba yuko njiani kama wanavyokuwa njiani watu wa siku hizi. Nikapanda gari la abiria hadi Benako, likasimama kushusha mbuzi. La pili lilisubiri lijae. Nilimwambia dereva kuna mtu anakufa. Alisema, "Pole, mzee," akaenda kunywa chai. Ngara mjini nilisubiri tena. Niliyaona mawingu yakigeuka rangi nikiwa nimekaa dirishani, gari limezimwa, kondakta anaita Kabanga, Kabanga, kana kwamba ndiyo kwanza kunapambazuka.

Njia nzima Jovitha alikuwa akinitumia ujumbe. Yupo. Yupo bado. Anauliza kama umefika.

Nilifika jua limezama na mwanga upo.

Watu wa stendi walinionyesha nyumba. Ilikuwa nyuma ya vibanda vya kubadilishia fedha, nyumba ya vyumba vinne, viwili vitupu. Mlango wa cha mwisho ulikuwa wazi kabisa. Marsiana alikuwa ameketi kizingitini, miguu imenyooka mbele, kama mtu aliyetoka shambani. Jiko la mkaa lilikuwa mbele yake. Sikusikia filimbi. Nilisikia malori tu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya kawaida.

Sikuitikia. Niliuliza iko wapi.

Alilitazama jiko.

"Alikuwa hapa," alisema. "Alianza palepale katikati. Nikaona nikingoja wiki, atakuwa ameingia ndani. Nilimwambia pumzika, mjomba. Mwalimu, zilitoka pumzi mbili. Moja ilipita hapa begani ikaenda. Nyingine... nyingine haikujua njia. Ilizunguka humu ndani, ikagonga ukuta, ikagonga ukuta. Nikaifungulia mlango."

"Ilikwenda wapi?"

"Sijui. Ilielekea barabarani."

Nilisimama na fimbo yangu. Jiko lilinuka siagi. Nice, yule jirani, alitoka chumbani kwake na beseni, akatutazama, akarudi ndani akafunga.

Simu yangu ililia mfukoni. Ilikuwa ni Jovitha. Niliiacha ikalia hadi ikakatika, kisha ikalia tena, nikapokea.

Emilian, mwana wa Jovitha, amefariki Jumanne hii jioni, Nyakahura, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba.